Namna ya Kumpendekezea Mtu Kitabu Atakachokimaliza

Watu wengi wanapoombwa kutaja kitabu cha kusoma hutaja kile wanachokipenda wao wenyewe, na hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa kuwa aliyeuliza hakuuliza juu yao. Nimewaazima watu vitabu kutoka kabati langu hapa Tabora kwa miaka mingi, na katika miaka ya mwanzo vingi vilirudi vikiwa bado na kipande cha karatasi kilichochomekwa kati ya ukurasa wa 20 na wa 30, mahali ambapo msomaji alichoka akaona haya kusema.

Siku moja alikuja kijana fundi seremala akaniambia anataka kitabu kizito. Kwa furaha nikampa Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, nikidhani kwamba wembamba wake utamsaidia. Baada ya siku mbili alikirudisha kikiwa kimefungwa vizuri katika gazeti, akasema kwa adabu, "Mwalimu, hiki kimenizidi," na hakuomba kingine mpaka mwaka ulipopita. Nagona haina kisa kinachokwenda moja kwa moja; msomaji anaingizwa katika njozi na maswali ya falsafa, na asiyeizoea njia hiyo hana pa kushika. Kwake yeye, kitabu kizito kilikuwa kile kinachozungumzia jambo zito la maisha, na ningelijua hilo kama ningemuuliza kwanza.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza: "Kitabu gani cha mwisho ulichokisoma ukakimaliza?" Usimuulize mtu anapenda vitabu vya aina gani, kwa sababu atakutajia vile anavyodhani vitampa heshima mbele yako, yaani vya dini, vya historia au vya maendeleo, hali nyumbani chini ya mto wake ana riwaya ya upelelezi iliyochanika jalada. Akikuambia kwamba hajamaliza kitabu tangu alipoacha shule, mrudishe huko huko shuleni, maana wengi waliosoma sekondari wanakumbuka angalau kimoja kati ya vile walivyosomeshwa, na mara nyingi wanakumbuka mhusika mmoja kuliko kisa chote. Halafu uliza ni kitabu gani alikiacha njiani na nini kilimchosha. Jibu la swali hili lina faida kuliko la kwanza, kwa kuwa watu husita kueleza wanachokipenda, lakini kueleza kilichowaudhi hawasiti hata kidogo.

Uliza pia atasomea wapi. Mama anayeuza mchele sokoni, anayesoma kati ya mteja mmoja na mwingine, anahitaji sura fupi na wahusika wachache wasiosahaulika kitabu kinapofungwa ghafla. Msafiri wa treni ya Kigoma ana saa nyingi mfululizo, ila ana kelele za behewa na watu wanaopanda na kushuka, na kwake huyo sijaona kinachofaa kuliko riwaya ya Ben Mtobwa, ambaye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Kigoma. Joram Kiango, mpelelezi wake, hampi msomaji nafasi ya kusinzia. Wapo wanaodharau riwaya hizi. Mimi nimeona watu waliozoea kusoma vichwa vya habari tu wakizimaliza kwa siku tatu na kurudi kuomba nyingine, na sioni sababu ya kumwaibisha mtu aliyerudi.

Ugumu wa kazi hii uko katika kitabu cha pili. Mtu aliyemaliza kitabu akakipenda hataki kingine kinachofanana nacho kabisa, kwa maana atachoka upesi, wala hataki kutupwa mbali ghafla. Kanuni ninayoifuata ni kubadilisha jambo moja tu na kuyaacha mengine kama yalivyo. Kwa msomaji wa Mtobwa, upelelezi ubaki na mahali pabadilike: mpe Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa na kiko chake wanatatua fumbo la mauaji kisiwani Unguja bila haraka wala bastola. Mwonye mapema kwamba Kiswahili chake ni cha Unguja na kwamba baadhi ya maneno yatakuwa mageni kwa mtu wa bara, ili akikwama asidhani kosa ni lake. Yule aliyekumbuka Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo kutoka shuleni, na hasa yule baba mlevi anayeuachia mzigo wa nyumba mikono ya wengine, anaweza kupewa Rosa Mistika ya Kezilahabi, ambamo pia yuko baba mlevi na mkali, ila safari hii tunaona anavyomharibia binti yake maisha. Fundi wangu wa seremala, aliporudi, nilimpa hiyo. Aliimaliza.

Wakati mwingine daraja linapatikana katika mahali penyewe. Hapa Tabora kuna watu wanaotaka kujua habari za misafara ya zamani, nami huwapa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufariki mwaka 1905, na ambamo mji huu unatajwa mara kwa mara. Ninampa mtu kitabu hicho huku nikimwambia wazi kwamba anayesimulia alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa anayejisifu kwa vita vyake, na kwamba waliofungwa minyororo hawapewi nafasi ya kusema. Akikimaliza, ninampa Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa mwaka 2022, ili auone msafara kama huo kwa macho ya Yusuf, kijana aliyetolewa na wazazi wake kwa tajiri ili kufidia deni. Vitabu hivi viwili vikisomwa kwa kufuatana vinajibizana kwa namna ambayo hakuna maelezo yangu yangeweza kuileta.

Mstaafu mmoja wa reli aliwahi kuniambia kwamba vitabu vya hadithi ni mambo ya watoto. Nikamwambia tu kwamba Kuli ya Adam Shafi inahusu mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948, nikanyamaza. Akaomba akione.

Hapo kuna jambo la kujifunza kuhusu namna ya kukizungumzia kitabu. Eleza hali inayokianzisha, si kinakoelekea, na ufanye hivyo kwa sentensi moja au mbili. Kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza husema hivi: mke amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndoa haina mtoto, na mume anakwenda ukweni kumwomba, naye anatozwa pombe ya ndizi kabla ya kurudishiwa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya wakwe akiwa na kosa, la kweli au la kusingiziwa, atataka kujua yaliyofuata. Baada ya hapo taja kasoro. Kitabu hicho ni kinene na hakina haraka, kwa maana mwandishi alitaka kuhifadhi desturi za Wakerewe, naye alikimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945 ingawa cha Kiswahili kilitoka 1980. Kwa hiyo mwambie msomaji kwamba atakutana na maelezo marefu ya kilimo, dawa na mapishi, na kwamba anaruhusiwa kuyapita akichoka. Kitabu kikiwa na jambo la kuumiza, kama kifo cha mtoto au mtu kujiua, lidokeze bila kusema linampata nani, hasa unapozungumza na mtu aliye matangani. Kusema "ni kizuri sana" hakumsaidii yeyote.

Usitaje zaidi ya vitabu viwili kwa mara moja, na usipendekeze kitabu ambacho hujakisoma kwa sababu tu kilipata tuzo. Tamthiliya zipendekeze kwa kikundi, kwa kuwa nyingi hulala zikisomwa kimya. Tafsiri ya Shakespeare iliyofanywa na Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari ya mwaka 1969, imewahi kusomwa kwa sauti barazani kwangu na vijana wanne waliogawana sehemu, na waliojua kwamba mfasiri alisoma hapa Tabora kuanzia 1937 walisoma kwa madaha zaidi kuliko nilivyotarajia.

Kuhusu kuazima, weka daftari. Andika jina la kitabu, jina la aliyekichukua na tarehe, kisha uache nafasi ya kuandika alichosema aliporudisha, kwa sababu nafasi hiyo ndiyo itakayokuongoza safari ijayo. Kivalishe jalada la karatasi ya kaki. Mtu akikuomba ruhusa ya kutoa kopi ya kitabu kizima mkatalie na umwelekeze maktaba ya mkoa au duka la vitabu, kwa kuwa mwandishi naye anakula.

Ukikutana njiani na uliyemwazima kitabu usimuulize kama amekimaliza. Muulize amefika wapi, na akijibu kwa kukwepa, mwambie akirudishe bila maelezo. Kitabu kikikaa miezi mingi, usimtume mtoto akakidai. Nenda mwenyewe jioni, ukiwa na kingine chembamba zaidi mkononi, ubadilishane naye mlangoni.