Umeumizwa hospitalini? Anza na faili, wakili baadaye

Bi Zuhura (si jina lake) ni jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga. Binti yake alijifungua kwa upasuaji, akaruhusiwa, kidonda kikafunga vizuri kwa nje, lakini tumbo halikutulia. Homa ikija ikiondoka. Akapewa dawa ya malaria mara mbili, ya UTI mara moja. Wiki ya kumi na moja hospitali nyingine ikampiga ultrasaundi, ikamfungua, ikatoa gozi, kile kitambaa cha kufyonzea damu thieta. Hospitali zote mbili sizitaji, shauri bado bichi.

Mama mtu alinijia saa mbili usiku na mfuko wa kitenge. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki, risiti tatu zilizofutika hazisomeki hata kwa tochi, na simu yenye picha ya gozi kwenye beseni. "Nataka nishtaki kesho, mwanangu."

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hainiruhusu kusimama mahakamani, wala sitaki. Kazi yangu ni kumfikisha mtu kwa wakili akiwa na karatasi zinazosomeka. Hatua hizi ndizo nilizopita na Bi Zuhura, pamoja na makosa mawili tuliyoyafanya njiani.

Hatua ya 1: Tiba kwanza

Nenda katibiwe, ikiwezekana kwingine. Daktari wa pili akiandika alichokikuta, hiyo tayari ni nusu ya ushahidi wako.

Hatua ya 2: Andika, tena kwa kalamu

Nunua kaunta buku. Andika tarehe, saa, nani alikuwa zamu, nani alisema nini, kwa maneno yake yale yale. Watu hupenda kurekodi sauti za WhatsApp. Mimi sizipendi. Simu inaibiwa, inaingia maji, na sauti ya dakika kumi na mbili hakuna wakili atakayeisikiliza mara mbili. Kila aliyekuwepo aandike yake peke yake, msikae mkao wa kikao mkapatanisha maneno. Hadithi tatu zinazofanana neno kwa neno zinanuka.

Hatua ya 3: Pata nakala ya faili kabla hujagombana na mtu

Hapa ndipo tulipolala. Siku nne, asubuhi hadi mchana, kwenye benchi la dirisha la kumbukumbu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Siku ya kwanza nilimwacha Bi Zuhura aende na hasira zake. Akafika mapokezi akatangaza kwamba anakwenda mahakamani. Kuanzia hapo kila tuliyemuuliza alikuwa "hajui", faili "lipo kwa mganga mfawidhi", na mganga mfawidhi "yupo semina". Kwa hiyo nenda kwa upole. Unaomba nakala kwa ajili ya kuendelea na matibabu, na hilo si uongo, maana binti bado anatibiwa.

Kosa la pili lilikuwa jina. Sisi tuliuliza kwa jina la baba yake. Kumbe siku ya kujifungua aliyempeleka ni wifi yake, akaandikisha jina la mume. Siku mbili nzima karani anafungua droo anafunga, "hayupo huyo, dada." Msidhani jina ni jambo dogo. Mwaka 2007 pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishiwa upasuaji: mwenye shida ya goti akapasuliwa kichwa, mwenye uvimbe kichwani akapasuliwa mguu. Basi tafuta kwa namba ya faili, si kwa jina. Namba utaipata kwenye karatasi ya kuruhusiwa au kwenye risiti. Ukikuta majina yanatofautiana kati ya kadi ya kliniki, faili na kitambulisho cha NIDA, mwambie wakili mapema aandae kiapo cha majina, kwamba yote ni ya mtu mmoja. Usiache hilo ligunduliwe na upande wa pili.

Ombi liwe barua. Nakala mbili: moja wanabaki nayo, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, unarudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri ni sawa na hukuipeleka. Mgonjwa asaini mwenyewe. Ukiomba kwa niaba yake, ambatanisha idhini yake ya maandishi.

Karani atakwambia: "Faili ni mali ya hospitali." Usibishane, ni kweli. Mjibu hivi: karatasi ni zenu, habari zilizomo ni za mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake, na za afya ni miongoni mwa zile zinazolindwa zaidi. Taja sheria hiyo ndani ya barua, mstari mmoja, bila vitisho.

Halafu usiombe "faili" tu. Utapewa karatasi mbili za juu. Omba kwa majina: fomu ya ridhaa, maelezo ya upasuaji, karatasi ya dawa ya usingizi, chati ya dawa, maelezo ya wauguzi ya kila zamu, majibu ya maabara, karatasi ya kuruhusiwa. Kwa upasuaji wowote omba na ile orodha ya usalama ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa 2008. Ndimo inamothibitishwa kwamba vifaa, gozi na sindano vimehesabiwa kabla mgonjwa hajatoka thieta. Kwa aliyejifungua, patografu. Hiyo usirudi bila yake. Ni karatasi ya miraba inayoonyesha njia ya uzazi imefunguka sentimita ngapi na saa ngapi, na mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Patografu iliyozoeleka ina mistari miwili ya mshazari, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, na baina yao kuna saa nne. Alama zikivuka mstari wa pili na hakuna aliyefanya kitu, hata mimi nisiye daktari naliona. Nikikuta patografu tupu kabisa, nanakili vilevile. Utupu nao unasema.

Kituo kikitumia GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kutunza kumbukumbu za hospitali, omba na chapa ya kilichomo kwenye kompyuta. Mara nyingine karatasi imepotea na mfumo unacho.

Faili likipotea kabisa (hutokea, na kwa ajabu hutokea zaidi kwa wanaolalamika), uliza vitabu vya MTUHA, yaani rejista za kituo za takwimu za afya. Wengi hawalijui hili. Kila anayejifungua kituoni huandikwa kwenye kitabu namba 12, na aliyelazwa kwenye namba 14. Thieta nayo ina rejista yake. Vitabu hivyo havikai ndani ya faili la mtu, na kuchana ukurasa mmoja kunawachania wagonjwa wengine wa siku hiyo. Hutapewa nakala ya ukurasa wenye majina ya watu wengine, na ni haki yao. Lakini barua yako ikitaja kitabu na tarehe, wakili atajua amwombe hakimu au jaji aamuru kiletwe nini.

Ukishapewa nakala, hesabu kurasa pale pale dirishani na uandike idadi kwenye barua yako mbele ya karani. Sisi tulipewa 23. Ya ishirini na tatu ndiyo ilikuwa ya thieta. Sehemu ya hesabu ya gozi, mwanzo 20, mwisho pako wazi.

Hatua ya 4: Uzembe au bahati mbaya?

Matokeo mabaya peke yake hayatoshi. Sheria inataka vitu vinne: daktari au hospitali ilikuwa na wajibu kwako, ikafanya chini ya kiwango, ukaumia, na kuumia kukatokana na kile walichofanya chini ya kiwango. Kiwango chenyewe mawakili hukipima kwa kesi ya Uingereza ya 1957, Bolam, kwamba daktari hana kosa akifanya ambavyo wenzake wenye ujuzi wangekubali ni sawa. Ndiyo maana unahitaji daktari mwingine wa kusema "hapana, sisi hatufanyi hivyo," na kumpata daktari wa kumsemea mwenzake vibaya ni kazi kuliko kumpata wakili. Mtafute nje ya mkoa. Tanga watu wanajuana.

Ya Bi Zuhura ilikuwa nyepesi hapa. Gozi haina miguu ya kuingilia tumboni.

Hatua ya 5: Mmiliki ni nani, na siku ngapi zimebaki

Usishtaki "hospitali." Mara nyingi hospitali si mtu kisheria, na kesi inaweza kutupwa kwa pingamizi la awali kabla hujafungua mdomo. Tafuta mmiliki. Hospitali ya wilaya ni ya halmashauri. Ya rufaa ya mkoa iko chini ya Wizara ya Afya. Ya dini, mara nyingi, ni ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye usajili. Ya mtu binafsi, angalia leseni ukutani au jina la kampuni kwenye risiti.

Ikiwa ni ya umma, lazima utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Tangu marekebisho ya 2020 halmashauri nazo zimo humo. Notisi inaeleza madai na misingi yake, inakwenda kwa taasisi husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye pia lazima aunganishwe kwenye kesi yenyewe. Mimi huongeza nakala kwa Wakili Mkuu wa Serikali hata nisipoulizwa. Peleka kwa mkono. Kesi dhidi ya serikali hufunguliwa Mahakama Kuu, na sisi Kanda ya Tanga tunayo, hakuna haja ya mtu kukuchangisha nauli ya Dar.

Muda: madai ya uzembe yana miaka mitatu. Lakini jedwali la Sheria ya Ukomo lina mstari mwingine wa mwaka mmoja, kwa fidia ya jambo linalodaiwa kufanywa kwa mujibu wa sheria iliyoandikwa. Je, huduma ya hospitali ya umma inaingia hapo? Waachie mawakili wabishane, wewe usiwe mfano wao. Jipe mwaka. Ondoa siku 90 za notisi, unabaki na miezi tisa ya kuandaa kila kitu, ukihesabu tangu siku ya upasuaji na si siku uliyogundua. Mtoto muda wake husubiri hadi afikishe miaka 18, ila mashahidi hawasubiri. Mgonjwa akifariki, fungueni mirathi kwanza apatikane msimamizi.

Hatua ya 6: Baraza

Daktari analalamikiwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi au mkunga, Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wanaweza kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari. Fidia hawatoi. Malalamiko hayo hayasimamishi saa ya hatua ya 5, na nimeshaona mtu akisubiri Baraza mpaka muda ukamwishia.

Hatua ya 7: Risiti

Fidia ya gharama halisi lazima itajwe kwa shilingi na ithibitishwe. Risiti za mashine zinafutika kwa joto, na joto letu mnalijua. Toa fotokopi siku ile ile, ubanishe na yenyewe. Bodaboda ya kwenda kliniki hana risiti, mwandike kwenye kaunta buku na asaini. Maumivu na usumbufu huna haja ya kuvipangia bei, hakimu ndiye anayekadiria.

Hatua ya 8: Wakili

Mpate aliyewahi kuendesha kesi za madai, si yule aliyekuandalia mkataba wa kiwanja. Huna uwezo, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri au watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa. Kesi inapofunguliwa kuna hatua ya usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Nenda nayo kwa moyo mmoja, mengi huishia hapo. Kwa hospitali binafsi, wakili ndiye achague mahakama. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006, katika kesi ya Masista wa Our Lady of Usambara, kwamba kinachopima uwezo wa mahakama ni dai halisi na si fidia ya jumla, kwa hiyo kuandika "milioni mia tano kwa maumivu" hakukupandishi Mahakama Kuu.

Notisi ya binti wa Bi Zuhura imebakiza siku 41. Hati ya madai iko kwa wakili, pameachwa wazi pa tarehe tu. Kurasa 23 ziko kwenye bahasha ya khaki ndani ya kabati langu. Mama mtu kabakiwa na fotokopi kwenye mfuko wake wa kitenge, na kila Ijumaa hupita kuuliza kama bahasha ipo.