Jinsi ya kuchambua kwa namba mechi iliyokuuma: Virginia na UMBC, 2018

Jumapili mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Timu ya mpira wa kikapu ya chuo chao imefungwa kwa pointi tano, na dakika zote nne alikuwa akiwasema waamuzi. "Mjomba, tumeonewa mchana kweupe." Nikamuuliza kama ana takwimu za mchezo. Anazo, ila hajui azifanyie nini. Tukashinda kwenye simu jioni nzima, na kwa kuwa kidonda chake kilikuwa bado kibichi, tulijifunzia kwenye changu: Virginia kufungwa 74-54 na UMBC mjini Charlotte, Machi 16, 2018.

Kwa asiyekumbuka, Virginia waliingia wakiwa namba 1 wa mashindano yote ya NCAA, yale ya vyuo vya Marekani, wameshinda 31 na kupoteza 2. Timu hugawanywa makundi manne, na kila kundi hupangwa kwa ubora kuanzia namba 1 hadi 16. UMBC ni chuo cha Maryland kilichopangwa namba 16, na Januari mwaka huohuo walikuwa wamefungwa na Albany 83-39. Tangu 1985 timu za namba 1 zilikuwa zimekutana na za namba 16 mara 135, zikashinda zote 135. Huku kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumamosi. Kaka yangu anaishi Charlottesville, mji wa chuo cha Virginia, ndiye aliyeniambukiza ugonjwa huu. Kabla yake nilifuatilia vyuo vya Marekani kwa ajili ya Hasheem Thabeet tu, enzi zake Connecticut.

Hatua ya 1: Tafuta jedwali la mchezo

Chukua lile rasmi la chuo au la mashindano. Usichukue picha iliyokatwa mtandaoni.

Hatua ya 2: Ingiza namba (hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima)

Unachohitaji ni mistari miwili ya jumla, mmoja kwa kila timu. Yetu ni hii:

UMBC: mitupo yote 26-48, pointi tatu 12-24.
Virginia: mitupo yote 23-56, pointi tatu 4-22.

Namba ya kwanza ni iliyoingia, ya pili ni iliyojaribiwa. Za pointi tatu ni za mbali, nje ya mstari wa upinde; nyingine zote humu ni za pointi mbili. Rahisi. Sasa nakili hiyo mistari uibandike kwenye Excel uone vituko. Excel ikikuta kitu chenye sura ya tarehe, inakifanya tarehe bila kukuuliza. Kompyuta yangu ilikuwa na mpangilio wa tarehe wa Kimarekani, kwa hiyo 12-24 ikawa 24 Desemba na 4-22 ikawa 22 Aprili. Ubaya wake ni kwamba 26-48 na 23-56 zilibaki kama zilivyo, maana hakuna mwezi wa 26 wala wa 23. Ukipitisha macho haraka unaona nusu ya jedwali iko sawa, unaendelea na kazi.

Mimi niliendelea. Nilipoona neno Desemba nikadhani ni suala la mwonekano tu, nikabadilisha seli iwe maandishi ya kawaida. Ikatokea 43458. Hiyo ndiyo namba ambayo Excel huitumia kwa siri kwa Desemba 24, 2018, na ukishafika hapo 12-24 yako imekwenda na hairudi. Kubadilisha aina ya seli baada ya kubandika hakusaidii. Lazima uibadilishe kabla: chagua seli tupu, zifanye za maandishi, ndipo ubandike, tena ubandike thamani peke yake bila mapambo ya ukurasa ulikotoka. Ukiandika kwa mkono, tanguliza alama ya ' kabla ya namba. Google Sheets nayo ina tabia hiyohiyo. Na ukipakua faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, usilifungue kwa kulibofya mara mbili, kwa sababu tarehe zinazaliwa upya hapohapo hata kama jana ulizisafisha. Lipitishie kwenye sehemu ya kuingiza data, useme safu hiyo ni maandishi.

Au fanya ninavyofanya siku hizi, na ndivyo ninavyokushauri: achana na kunakili. Mistari ni miwili tu, ndugu yangu. Tengeneza safu ya zilizoingia na safu ya zilizojaribiwa, andika 12 huku na 24 kule kwa vidole vyako. Mimi huanza hata na daftari na penseli. Programu za simu zinazodai kukuchambulia mechi zote nimezifuta. Zinakupa rangi nyingi na hakuna hata moja inayokuonyesha imepataje jibu.

Hatua ya 3: Tenganisha mbili na tatu

Safu ya mitupo yote tayari ina zile za pointi tatu ndani yake. Mpwa wangu aliwapigia UMBC hesabu ya 26 mara mbili, akaongeza 12 mara tatu, akapata 88 hata kabla ya mitupo huru, ile ya adhabu yenye pointi moja moja inayohesabiwa kando. Kwa hiyo toa kwanza: UMBC wana mbili 14 kati ya 24, Virginia 19 kati ya 34.

Kisha hakiki. UMBC: 28 za mbili, 36 za tatu, jumla 64, basi 10 zilizobaki ni mitupo huru. Virginia: 38 na 12, jumla 50, zikabaki 4. Hesabu isipogonga matokeo ya mwisho, usiendelee mbele, kuna kosa mahali.

Hatua ya 4: Gawa pengo

Hapa ndipo utamu ulipo. Pengo ni pointi 20. Zimetoka wapi?

Kwenye mbili, Virginia walishinda kwa 10. Walishinda! UMBC waliingiza asilimia 58, Virginia 56, karibu sawa kabisa, ila Virginia walijaribu mara nyingi zaidi. Kwenye mitupo huru UMBC walishinda kwa 6. Kwenye tatu walishinda kwa 24. Ishirini na nne, jumlisha sita, toa kumi: ishirini.

Miezi mingi nilikuwa nikibishana na kaka kuhusu vijana wetu kulegea chini ya kikapu. Jedwali halikuona hivyo.

Ukitaka namba moja ya kulinganisha timu, chukua zilizoingia, ongeza nusu ya zile za tatu, gawa kwa zote zilizojaribiwa. UMBC asilimia 66.7, Virginia 44.6. Ile asilimia ya kawaida isiyojali tatu na mbili sina haja nayo, na ile hesabu ya pointi timu ilizopata au kupoteza mchezaji akiwa uwanjani, kwa mechi moja, ni ramli.

Hatua ya 5: Jaribu "ingekuwaje"

Kwa kawaida timu za vyuo huingiza takriban theluthi moja ya mitupo ya tatu. Wape UMBC 8 badala ya 12: wanabaki na 62. Wape Virginia 7 badala ya 4: wanafika 63. Virginia wanashinda kwa pointi moja! Nilipoipata hesabu hii nilimpigia kaka simu, kule ni saa nane usiku.

Lakini usiingie mtegoni kama mimi. Ulinzi wa kocha Tony Bennett ulijazana ndani kuzuia njia za kikapu, na gharama yake ni kumwachia mpinzani nafasi nje. Mitupo mingi ya UMBC haikuwa ya bahati nasibu, walipewa nafasi wakaitumia. Virginia nao walikuwa timu ya kucheza taratibu, na timu ya taratibu ikiachwa nyuma inalazimika kurusha tatu za haraka ambazo haikuzizoea. Tena mtupo uliokosa huzaa ribaundi, yaani mpira unaorudi kugombewa, na ribaundi huzaa shambulizi jingine, wala hesabu yangu haikugusa hayo. Sehemu ilikuwa bahati, sehemu haikuwa. Nani anaweza kuzigawa kwa mechi moja? Mimi siwezi.

Hatua ya 6: Gawa kwa nusu

Mapumziko ilikuwa 21-21. Nusu ya pili 53-33. Hawa ni Virginia waliokuwa wakiruhusu pointi chini ya 55 kwa mechi *nzima* msimu ule. Jairus Lyles wa UMBC alimaliza na 28, na 23 kati ya hizo alizipata baada ya mapumziko.

Hatua ya 7: Nani hakuwepo

De'Andre Hunter wa Virginia, kifundo cha mkono kimevunjika. Takwimu za mchezo huorodhesha waliocheza tu, kwa hiyo hili liandike mwenyewe pembeni.

Hatua ya 8: Andika sentensi moja

Kabla ya kuchora grafu yoyote. Yangu: "Tulishinda ndani, tukafungwa nje, na mlango wa nje tuliufungua wenyewe." Ukitaka zoezi, chukua Purdue, namba 1 wengine, walipofungwa na FDU (Fairleigh Dickinson), namba 16, 63-58 mwaka 2023. Purdue waliingiza tatu 5 kati ya 26. Uiandike kwa mkono hiyo 5-26, nakuomba.

Mpwa aliniahidi kufanya ya kwake usiku uleule. Asubuhi nimekuta faili lake. Amebandika moja kwa moja, bila shaka, na kwenye safu ya mitupo huru ya timu yao, hao walioonewa na waamuzi, kumeandikwa 22 Agosti.