Namna ya Kuisikiliza Opera Ndani ya Katuni za Zamani

Mwanakwaya wa Tukuyu au Iringa aliyezoea sauti nne na noti za do-re-mi anaweza kuianza opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa pamoja na okestra, kwa katuni ya dakika saba kabla ya kukabiliana na onyesho la saa tatu. Pakua katuni mapema, kwa kuwa bando na umeme havina ahadi, na utafute hedifoni au spika yenye nguvu. Mvua ya Tukuyu ikishaanza kupiga bati, spika ya simu haifui dafu. Mara ya kwanza nilipojaribu na vijana wa kwaya yetu, tuliambulia picha tu.

Anza na “Rabbit of Seville” ya mwaka 1950, iliyoongozwa na Chuck Jones, ambamo sungura Bugs Bunny anageuka kinyozi na mwindaji Elmer Fudd anakuwa mteja asiyependa kunyolewa. Usiitazame kwanza. Lalisha simu kifudifudi, sikiliza mpaka mwisho, na kila mmoja aandike mahali muziki unapokimbia, unaponyamaza na unaporudia wimbo uleule kwa nguvu zaidi. Kisha itazame bila sauti, na mwishowe uviunganishe vyote viwili.

Hapo ndipo utaona kazi ilivyofanyika. Sungura anaposugua kipara cha Elmer, kwa mikono na hata kwa miguu, kila mguso unaangukia kwenye noti yake, kwa sababu picha zilichorwa kuufuata muziki ambao Carl Stalling, mpangaji wa muziki wa katuni, aliupanga kutoka kwenye ufunguzi (muziki wa okestra kabla ya uimbaji kuanza) wa opera ya Rossini, mtunzi wa Italia, “Il barbiere di Siviglia”, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Roma mwaka 1816. Kuelekea mwisho, silaha zinavyokua kutoka shoka hadi bunduki hadi mzinga, sikiliza jinsi okestra nayo inavyopanda. Huo ni mtindo wa Rossini mwenyewe: kipande kifupi kinarudiwa, vyombo vinaongezeka, sauti inavimba. Mwalimu awaulize wanafunzi ni chombo gani kimeingia, wala asiwatajie haraka.

Usihangaike kutafuta katika ufunguzi huo wimbo maarufu wa kinyozi Figaro, kwani Rossini alikuwa amekwisha kuutumia ufunguzi huohuo katika opera zake nyingine kabla ya hii. Wimbo wenyewe, “Largo al factotum”, utaupata katika “Long-Haired Hare” (1949), na pia katika “Magical Maestro” ya Tex Avery (1952). Ni wimbo wa baritoni, sauti ya kiume iliyo kati ya tena na besi, wa mapigo sita yanayokwenda mbio, na mwanakwaya wa besi anayejivuna ajaribu kuutamka kwa kasi ile kabla hajamcheka mwimbaji.

Sasa nenda kwenye “What's Opera, Doc?” ya mwaka 1957. Ukiijia hii kwanza utapotea, maana Milt Franklyn, aliyepanga muziki wake, hakuchukua kipande kimoja. Aliunganisha viraka vya opera kadhaa za Wagner, mtunzi wa Ujerumani. Dhoruba ya mwanzo inatoka “Der fliegende Holländer”. Elmer anapochoma mkuki kwenye shimo la sungura, anaimba juu ya muziki wa wapanda farasi wa kike wa “Die Walküre”, ambao katika opera yenyewe wanabeba mashujaa waliokufa vitani. Wasikilizaji wayajue haya kabla ya kutazama, kwa kuwa utani wote umo katika tofauti hiyo: muziki wa mashujaa umepewa mtu mfupi mwenye kofia ya pembe anayemwinda sungura.

Kisha Bugs anashuka akiwa juu ya farasi mnene, amevaa nywele za kusuka. Vijana watacheka, waache wamalize, halafu rudisha nyuma na uzime picha. Wimbo wa mapenzi wanaouimba wawili hao umejengwa juu ya kwaya ya mahujaji ya “Tannhäuser”, na mwendo wake wa taratibu hautakuwa mgeni kwa mtu aliyekulia kwenye tenzi. Waambie wauandike kwa do-re-mi, waugawe kwa sauti nne, wauimbe polepole bila katuni, ndipo wasikilize ufunguzi wa “Tannhäuser” unavyouanza wimbo huohuo kwa klarineti, honi na basuni, kwa upole, bila sungura hata mmoja.