Kulima Nairobi: udongo kwanza, mboji, kisha wadudu

Nairobi ni jiji moja lenye udongo wa aina mbili. Karen, Dagoretti, Kabete na Runda, jembe linaingia kwenye udongo mwekundu wenye kina. Ukielekea South C, Embakasi, Utawala, Ruai hadi Syokimau na Kitengela, unakutana na udongo mweusi unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi na kung'ang'ania gamboti wakati wa mvua. Ushauri uliomfaa mtu wa Kabete unaweza kumharibia shamba mtu wa Utawala, kwa hiyo kabla ya kununua mbegu au dawa yoyote, jua umesimama wapi.

Nitapimaje udongo wangu?

Rangi peke yake haitoshi, hasa mahali palipojengwa. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana uo huo. Lijaze maji, yaache yazame, kisha ulijaze tena na usimike kijiti chenye alama. Maji yakishuka sentimita 2 hadi 5 kwa saa, panda bila wasiwasi. Ukirudi kesho yake uyakute bado yamesimama, mizizi itakosa hewa, na hakuna mbolea itakayoiokoa.

Udongo mwekundu nao ni mfinyanzi, ila chembe zake hushikana vipunje vipunje na maji hupita katikati. Mweusi huvimba ukilowa na kuziba kila njia. Ndiyo maana shimo linasema ukweli kuliko kuusugua udongo kwa kidole.

Udongo wangu ni mweusi. Nitie mchanga?

Hapana. Mchanga ukitaka ubadilishe mfinyanzi, lazima uzidi nusu ya udongo wote. Ukitia wilibaro mbili tatu tu, mfinyanzi unajaa kati ya punje za mchanga na ukikauka unapata tofali. Pesa hizo nunulia samadi.

Inua matuta ya sentimita 30, upana wa mita 1 ili ufike katikati bila kukanyaga, na uache mfereji kati ya tuta na tuta. Changanya ndoo 2 za lita 20 za mboji iliyoiva kwa kila mita mraba kwenye sentimita 20 za juu, kisha ndoo 1 kila msimu. Usilime udongo mweusi ukiwa umelowa: finyanga donge, uliangushe kutoka usawa wa kiuno. Likivunjika, lima. Likibaki donge, rudi baada ya siku mbili.

Wengi wa upande huo huagiza lori la udongo mwekundu. Si kosa, lakini udongo mwingi unaouzwa hivyo hutoka kwenye misingi ya majengo, umechimbwa mita kadhaa chini, na hauna uhai. Uangalie kabla haujamwagwa. Udongo wa juu una rangi iliyofifia kuelekea kahawia, vipande vya mizizi na pengine nyungunyungu. Ule unaong'aa wekundu kama tofali jipya, bila mzizi hata mmoja, utakula mboji misimu miwili kabla haujakulisha.

Na mwekundu?

Mwekundu kwa kawaida una asidi, na mbolea ya DAP ikitiwa kila msimu huiongeza. Chokaa ya shambani husaidia, lakini usiitie kwa kubahatisha. KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, hupima udongo katika maabara yao ya Kabete. Chukua udongo sehemu 10 ukienda mshazari shambani, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki (si ya chuma wala iliyobeba mbolea), kisha upeleke nusu kilo. Majivu ya kuni nayo hupunguza asidi, hivyo yanafaa kidogo hapa. Kwenye udongo mweusi, ambao mara nyingi hauna asidi, yaache jikoni.

Mboji hutengenezwaje?

Hapa ndipo penye kazi. Vijidudu vinavyoozesha vinataka kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu 1 ya nitrojeni. Kwa lugha ya ndoo, ni ndoo 2 hadi 3 za vikavu kwa ndoo 1 ya vibichi. Vikavu ni majani yaliyopukutika, mabua, maganda makavu ya mahindi (wachoma mahindi hutupa magunia mazima kila jioni), trei za mayai zilizochanwa na pakiti za unga za karatasi. Vibichi ni maganda ya jikoni, nyasi zilizokatwa, majani ya chai yaliyotumika na samadi. Ndiyo, samadi ni ya kahawia lakini huhesabiwa kama kibichi, kwa sababu ina nitrojeni nyingi. Ukiona tithonia kando ya barabara, ile yenye maua ya manjano kama alizeti ndogo, kata majani na vitawi laini. Huoza upesi na ina nitrojeni na potasiamu nyingi.

Rundo liwe angalau mita 1 kwa upana, urefu na kimo. Likiwa dogo zaidi halihifadhi joto. Pangilia hivi:

1. Mabua au vijiti vinene, sentimita 15, moja kwa moja juu ya ardhi iliyotifuliwa, ili hewa ipite chini.
2. Vikavu, sentimita 15 hadi 20. Nyunyizia maji.
3. Vibichi, sentimita 5 hadi 8.
4. Samadi, sentimita 3, na sepetu moja ya udongo wa shamba.
5. Rudia kuanzia hatua ya 2 hadi ufike mita 1, kisha ufunike kwa majani ya migomba au gunia.

Chomeka fimbo ndefu hadi katikati. Siku ya nne au ya tano ichomoe uishike. Inapaswa kuwa na joto la kukufanya uiachilie upesi, maana katikati kukiwa sawa hufika nyuzi 55 hadi 65. Joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na magonjwa mengi, lakini huua tu kilichokaa katikati. Kwa hiyo kugeuza rundo si kulichanganya ovyo: cha nje kiingie ndani, cha ndani kitoke nje. Geuza baada ya wiki ya kwanza, halafu kila siku 7 hadi 10, mara tatu au nne. Ukifanya hivyo, mboji huiva kwa miezi miwili hadi mitatu. Rundo lililoanzishwa Juni litajikokota kwenye baridi ya Julai, usilipe talaka.

Kipimo cha maji ni kiganja. Chukua konzi kutoka ndani uikamue. Tone moja au mawili yakitoka, sawa. Yakichuruzika, ongeza vikavu na ugeuze. Konzi ikipukutika kama vumbi, mwagia maji huku ukigeuza, kwa sababu ukimwagia juu tu yanapita pembeni na katikati kunabaki pakavu. Siafu na chungu wakihamia ndani, ujue limekauka.

Harufu nayo inasema. Ikinuka mayai yaliyooza, limekosa hewa. Ikipanda puani kama mkojo uliolala, vibichi vimezidi na nitrojeni inapotelea hewani, ongeza vikavu. Likikaa tu bila joto wala harufu, ni dogo mno, kavu mno, au ni vikavu vitupu.

Vya kuacha nje: nyama, mafuta na ugali uliobaki, maana panya wa Nairobi hawahitaji mwaliko. Vipande vya ua wa kayaba pia, kwa sababu miiba yake itakungoja mwaka mzima. Majani ya mkaratusi na msonobari huoza polepole, yawe kidogo. Vumbi la mbao litoke kwenye mbao halisi, si mbao za gundi wala nguzo zilizotiwa dawa. Nyasi ya Kikuyu ina vikonyo vinavyochipuka hata ndani ya mboji, basi ianike juu ya mabati wiki nzima kwanza. Na lile gugu la majani matatu, maua ya zambarau na vitunguu vidogo vidogo mizizini, usilitie kabisa.

Mbolea ya kuku inahitaji tahadhari. Mbichi huunguza mizizi. Ikiwa imechanganyika na vumbi jingi la mbao, hufanya kinyume: vijidudu vinavyoozesha mbao hunyonya nitrojeni ya udongo na sukuma yako inageuka manjano ingawa "umeweka mbolea". Tiba ya hali zote mbili ni kuipitisha kwenye rundo miezi miwili.

Mabuu bapa ya kijivu yanayofurika kwenye vibichi ni ya inzi mweusi, hayana madhara, na kuku huyagombania. Wale weupe wanene wanaojikunja kama herufi C hula mizizi ya mimea, watoe.

Masika yakianza Machi, funika rundo kwa mabati au turubai, la sivyo rutuba yote inateremka mtaroni. Mboji imeiva ikiwa nyeusi, imepungua hadi nusu au chini ya hapo na ina harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Ukiwa na shaka, panda mbegu 10 za sukuma kwenye mkebe wa mboji hiyo. Zikiota 8 au zaidi ndani ya wiki, itumie. Zikikataa au zikiota manjano, iache wiki tatu nyingine.

Ninaishi gorofani, sina hata uchochoro.

Ndoo 2 za lita 20 zenye vifuniko zinatosha. Toboa matundu 10 chini na mengine 10 pembeni kwa msumari uliopashwa moto, na uweke sahani chini. Kila ukitia konzi ya maganda yaliyokatwakatwa, ifunike kwa konzi mbili za karatasi au majani makavu. Ndoo ya kwanza ikijaa, iache huku ukijaza ya pili. Haitapata joto, hivyo itachukua miezi minne hadi sita na haitaua mbegu: usishangae nyanya zikiota zenyewe.

Mboji hiyo itumie kwenye gunia la kilo 90, mtindo unaojulikana sana Kibera. Changanya udongo debe 2, mboji debe 1, kokoto ndogo nusu debe. Simika katikati mkebe wa kilo 2 uliotolewa pande zote mbili, ujaze mawe, zungushia udongo, kisha vuta mkebe juu na urudie hadi juu. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo bomba lako. Bila hiyo maji huishia juu na miche ya chini hukauka. Toboa ubavuni kila sentimita 20, kwa kupishana.

Sukuma imejaa wadudu wa kijivu.

Ni vidukari. Hupenda Januari na Februari, kukiwa na joto na ukavu, na hupenda zaidi sukuma iliyolishwa mbolea ya CAN nyingi, kwa sababu majani yake ni laini na yenye utomvu mtamu. Mara nyingi chanzo ni ile mishina mizee iliyotoa maua ambayo mtu ameihurumia. Ing'oe.

Kwa iliyobaki, toa majani yaliyojikunja, kisha nyunyizia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa kila lita ya maji. Lenga chini ya jani, jioni, kwani sabuni huua kwa kumgusa mdudu tu. Rudia kila siku 4 au 5, mara tatu. Sabuni ya unga na yoyote yenye dawa ya kung'arisha nguo huchoma majani. Wadudu wekundu wa mgongo wa duara wenye madoa meusi waache, wanakufanyia kazi.

Vitundu vidogo vilivyobakiza ngozi nyembamba ya jani kama kioo ni vya kiwavi mdogo wa kijani anayejirusha na kuning'inia kwa uzi ukimgusa. Dawa yenye bakteria aina ya Bt, inayopatikana agroveti, humuua akiwa mdogo. Dawa yoyote utakayonunua, soma siku za kungoja kabla ya kuvuna. Sukuma huchumwa kila wiki, hivyo dawa ya siku 14 haikufai.

Nyanya?

Kitako cheusi kilichobonyea si ugonjwa wala mdudu. Kalsiamu haikufika kwenye tunda kwa sababu maji yalikuja kwa vipindi, jambo la kawaida kwenye mitaa ya mgao. Tandaza nyasi kavu sentimita 7 na umwagilie kidogo kidogo mara kwa mara.

Mmea unaonyauka adhuhuri ukiwa bado kijani ni jambo jingine. Kata kipande cha shina karibu na udongo, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa. Ng'oa pamoja na udongo wa mizizini, usitie kwenye mboji, osha jembe, na usipande nyanya, viazi, biringanya wala hoho hapo kwa angalau miaka mitatu. Kunde, mahindi au kitunguu vinaweza kukaa.

Madoa makubwa meusi yanayoenea kwa siku mbili tatu kwenye manyunyu ya baridi ni baka jani. Dawa ya shaba huzuia tu kabla halijaingia, na kupunguza majani ya chini ili hewa ipite husaidia sana.

Miche inakatwa usiku kama kwa mkasi.

Fukua udongo sentimita 3 kuzunguka mche ulioanguka, asubuhi mapema. Utamkuta kiwavi mnene wa kijivu amejikunja. Miche iliyosimama ivishe pete iliyokatwa kwenye bomba la kadibodi la karatasi ya chooni, sentimita 5 juu ya ardhi na 2 ndani. Wiki tatu zikipita shina limeshakomaa, na pete yenyewe itaoza hapo hapo.