Namna ya kumvusha kijana kutoka masomoni hadi kazini

Mwongozo huu unamhusu mlezi, mwalimu au mfanyakazi wa jamii anayemsaidia kijana wa Tandale, Buguruni au Mbagala, jijini Dar es Salaam, aliyekatiza masomo, au aliyemaliza kidato cha nne bila kupata nafasi ya kuendelea.

Hatua ya kwanza: msikilize. Usianze kwa kumwuliza anataka kuwa nani, kwa sababu swali hilo humnyamazisha kijana aliyekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba ameshindwa. Mwombe akusimulie siku ya jana, tangu alipoamka hadi alipolala, nawe uandike kila kazi aliyoigusa. Binti mmoja aliniambia kwamba hana ujuzi wowote. Kumbe kila alfajiri alikuwa akikanda unga wa maandazi ya mama yake, akipiga hesabu ya mtaji na faida kichwani, na kuwakumbuka wadaiwa wote bila daftari. Nilipomsomea orodha hiyo, ndipo alipoinua uso kunitazama.

Hatua ya pili: kamilisheni nyaraka, yaani cheti cha kuzaliwa, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na, kwa aliyetimiza miaka 18, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA).

Hatua ya tatu: nendeni pamoja mkaione kazi ikifanyika, kwa mfano kwenye karakana za samani za Keko, kisha mpite chuo cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) cha Chang'ombe kuulizia kozi na ada. Mweleze pia kwamba VETA humpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti akifuzu. Kwa aliye chini ya miaka 18, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kazi za hatari, hivyo hakikisha hawekwi kwenye msumeno wa umeme.

Hatua ya nne, ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote, ni mwezi wa kwanza kazini. Kijana mmoja niliyempeleka karakana aliacha siku ya nne, nami nikamdhania mvivu. Nilipomfuata nyumbani nikakuta malengelenge miguuni, kwa kuwa alikuwa akitembea kutoka Mbagala hadi Keko na kurudi. Tangu hapo simkabidhi kijana kwa fundi kabla hatujaandika, sote watatu, nani atalipa nauli ya daladala na chakula cha mchana mpaka malipo ya kwanza yatoke.