Mbwa Mzee Akipotea Ugenini: Pa Kuanzia

Mbwa wa miaka 12 au 14 hapotei kama mbwa kijana. Geti limeachwa wazi kidogo, ametoka taratibu, kisha ameshindwa kukumbuka alikotokea. Masikio hayasikii vizuri, macho yana mtoto wa jicho, viungo vinauma, na wengine kumbukumbu imeanza kupotea kama inavyowapata binadamu uzeeni. Kwa hiyo kusimama kona ya mtaa ukiita jina lake mpaka sauti ikauke hakusaidii sana. Huenda yuko hatua chache kutoka ulipo, amelala, hana habari.

Anza karibu, tena karibu kweli: chini ya ngazi, nyuma ya mapipa ya taka, kwenye mtaro, chini ya magari, ndani ya banda la vifaa la jirani. Mbwa aliyechanganyikiwa kwa uzee mara nyingi hutembea mbele tu mpaka akwame kwenye kona, halafu hajui kurudi kinyumenyume. Mbwa wa jirani yetu mmoja alikutwa nyuma ya jengo lilelile analoishi, amebanwa kati ya ukuta na tangi, pua imegusa tofali, mkia umeshuka. Watu walikuwa wamepita hapo wakimwita, naye hakubweka hata mara moja. Inama, shika tochi usawa wa macho yako, mulika polepole. Macho ya mbwa hurudisha mwanga hata kwenye giza totoro, ila ya mzee huenda yasing'ae vizuri, hivyo tafuta na umbo la mwili. Ukimaliza, rudia. Mwenye maumivu ya viungo huenda kidogo, akapumzika, akaenda tena. Kichaka ulichokikagua asubuhi anaweza kuwemo jioni.

Hapo kwenye kukagua ndipo sisi wageni katika nchi za watu tunapotakiwa kujiangalia. Kuingia uani kwa mtu bila ruhusa kunaweza kukuingiza matatani, na mtu mweusi anayezunguka nyuma ya nyumba za watu usiku na tochi anaweza kuitiwa polisi kabla hajajieleza. Si haki, lakini panga safari yako ukilijua hilo. Gonga mlango, mchana ikiwezekana, picha ya mbwa mkononi, na umwombe mwenye nyumba afungue mwenyewe gereji yake na aangalie mpaka pembeni. Usiku nenda na jirani anayejulikana mtaani, na mvae vizibao vinavyoakisi mwanga. Kama lugha ya nchi bado inakusumbua, andika kwenye karatasi: mbwa ni mzee, hasikii, msimkimbize, pigeni namba hii.

Wakati wengine wanatafuta, mmoja ashike simu. Wengi hudhani chipu aliyowekewa mbwa chini ya ngozi itaonyesha alipo. Haionyeshi. Ni kidude kama punje ya mchele chenye namba, kwa kawaida ya tarakimu 15, inayosomwa kwa mashine iliyosogezwa karibu na ngozi. Namba hiyo ina faida tu ikiwa kwenye kumbukumbu za usajili kuna simu yako ya sasa. Sisi tunahama nyumba, tunabadilisha laini, tunarithi mbwa wa rafiki aliyehamia nchi nyingine, na chipu inabaki na jina la mtu aliyeondoka zamani. Wapigie waliomsajili, sahihisha namba, na uwaambie waandike kwamba mbwa amepotea.

Uingereza anayeshughulikia mbwa waliookotwa ni halmashauri, si polisi, na siku 7 zikipita bila mwenyewe kujitokeza, mbwa anaweza kupewa mtu mwingine. Marekani muda huo hutegemea jimbo, na unaweza kuwa siku chache tu. Ujerumani kuwekewa chipu ni jambo moja na kusajiliwa ni jingine. Tasso, shirika la huko linalosajili wanyama wa nyumbani, husajili bila malipo. Popote ulipo, usiishie kwenye simu, nenda ukamwangalie kwa macho kwenye makazi ya wanyama waliookotwa. Wewe utasema mbwa wako ni mweusi, wao wameandika kijivu kwa sababu ya mvi za usoni, na mtapishana hivihivi. Kama una sababu ya kutopenda kukanyaga ofisini, mtume rafiki na picha na namba ya chipu. Pigia pia kliniki za wanyama zilizo karibu, na idara inayosafisha barabara. Hiyo ya mwisho, ya kuuliza kama wameokota mbwa aliyegongwa, ni simu chungu, ila piga.

Bango liwe na picha kubwa ya karibuni, si ile ya ujanani, maneno machache na namba ya simu. Alama moja ya mwilini ifiche, umuulize anayedai kumpata. Matapeli husoma mabango kama wewe: anayetaka pesa kwanza hana mbwa wako, na anayekuomba umtajie msimbo uliotumwa kwenye simu yako anawinda akaunti zako. Omba picha ya sasa hivi. Anayekataa, mwache.

Ukimwona, usimkimbilie. Kiziwi akishtuliwa kwa nyuma anaweza kukuuma hata kama amekujua maisha yake yote. Mzunguke kwa mbali utokee mbele yake, keti chini ubavu ubavu, mwache anuse mkono. Akishatulia mfunge kamba, mfunike blanketi, mpe maji kidogo kidogo, wala usimjazie bakuli la chakula. Daktari wa wanyama amwone siku hiyohiyo, hata akionekana mzima, maana baridi na kiu humchosha mzee haraka. Na kama anatumia dawa za moyo au sindano za insulini, usifidie dozi alizokosa kwa kumpa mbili kwa pamoja. Muulize daktari kwanza aanzie wapi.