Somo: Kuchagua waya wa spika na kuufunga ipasavyo

Kabla hujatoa hela, geuza spika utazame mgongoni. Kwenye kibandiko pameandikwa omu 8, 6 au 4. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani kiasi ambacho kitu kinazuia umeme usipite. Namba hiyo, pamoja na urefu wa njia kutoka kwenye amplifaya, ndiyo inayochagua waya. Rangi ya ganda na sifa zilizojazwa kwenye boksi hazimo katika hesabu.

Hatua ya 1: Pima njia. Usikadirie kwa macho. Chukua kamba, ipitishe kule kule waya utakakopita, nyuma ya kabati na kando ya ukuta, kisha ongeza nusu mita ili siku ukitaka kuvuta amplifaya mbele using'oe kitu.

Hatua ya 2: Chagua unene. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Waya wowote una ukinzani, na umeme unakwenda kwa uzi mmoja na kurudi kwa mwingine, kwa hiyo urefu unahesabiwa mara mbili. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ukinzani wa waya mzima usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni omu 0.4, kwa ya omu 4 ni 0.2.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 unakula takriban omu 0.052 kwa kila mita, kwenda na kurudi. Wa 1.5 unakula 0.027, wa 2.5 unakula 0.016, na wa 4 unakula 0.01. Gawanya mwenyewe: spika ya omu 8 ukiifungia waya wa 1.5, unaweza kufika karibu mita 15. Ya omu 4 kwa waya huo huo inaishia mita 7 na kitu. Ukipanda hadi 2.5, hata spika ya omu 4 inafika mita 12. Kwa sebule nyingi hapo ndipo pa kusimama.

Kwa nini tujali, wakati omu 0.4 kwenye spika ya 8 inapunguza sauti kwa chini ya nusu desibeli? Kwa sababu spika haikai kwenye omu 8 muda wote. Inapanda na kushuka kulingana na noti inayopigwa, na waya mwembamba unapunguza zaidi pale spika iliposhuka. Matokeo yake mizani ya muziki inabadilika kidogo, na amplifaya inapoteza uwezo wa kuizuia wufa (spika kubwa ya besi) isiendelee kutikisika baada ya pigo la besi.

Hatua ya 3: Hakikisha ni shaba. Nyaya nyingi za bei ndogo ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini. (Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, haina tatizo.) Alumini si haramu, ila inapitisha umeme kwa karibu theluthi mbili tu ya shaba, basi chukua unene wa ngazi moja juu. Nayo hukatika upesi ukiipindapinda.

Hatua ya 4: Menya na ufunge. Amplifaya iwe imezimwa. Menya sentimita moja tu, usikate nyuzi, kisha zisokote zikaze. Uzi mmoja uliochomoza ukagusa upande wa pili ni shoti, na shoti inaweza kuua amplifaya. Kama kifungio ni cha skrubu, usiipake ncha risasi ya kulehemu. Risasi hiyo inabonyea polepole na baada ya muda kifungio kinalegea. Plagi za banana (ncha za kuchomeka zinazofungwa mwisho wa waya) ni nzuri kwa anayefungua na kufunga mara kwa mara. Hazibadilishi sauti.

Hatua ya 5: Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ganda la waya huwa na mstari au maandishi upande mmoja; amua upande huo ni upi na usibadilishe. Spika moja ikigeuzwa, besi inanyong'onyea na sauti ya mwimbaji haikai katikati. Kama huna uhakika, chomoa waya kwenye amplifaya, gusisha ncha zake kwenye betri ya volti 1.5 kwa nukta moja. Koni ya wufa ikisogea nje, ncha iliyo kwenye chanya ya betri ndiyo chanya.

Maswali ya wadau

*Mkuu, spika ya kulia inataka mita 3, ya kushoto 7. Sauti haitachelewa upande mmoja?*
Haitachelewa. Umeme kwenye waya unakimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Ukiisogeza spika sentimita moja tu, umeongeza ucheleweshaji zaidi ya mara 1,000 ya huo wa mita 4 za waya. Kata kila upande kadiri unavyohitaji, ila unene uwe mmoja.

*Spika zangu zina vifungio vinne nyuma, na vibati vinavyoviunganisha. Nipeleke nyaya mbili mbili?*
Unaweza, lakini faida ni ndogo mno. Safisha vibati, vikaze, tumia waya mmoja mnene. Ukiviondoa ukabaki na waya mmoja, ama twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ama wufa itanyamaza.

*Fundi, waya wa umeme wa nyumbani unafaa?*
Wa nyuzi nyingi wa 2.5 unafaa kabisa. Uwekee alama, mtu asije akauchomeka kwenye soketi ya ukutani.

*Muuzaji anasema waya mpya lazima upigwe muziki saa nyingi ndipo ufunguke.*
Shaba haina cha kufungua. Masikio ndiyo yanayozoea.

*Spika zangu zinanguruma hata muziki ukiwa umesimama. Waya mnene utatibu?*
Hautatibu. Zima amplifaya, chomoa nyaya zote za kuingizia muziki, washa tena. Mngurumo ukiondoka, zirudishe moja moja, ukizima kila mara, hadi uipate inayouleta. Mara nyingi ni kifaa chenye njia yake nyingine ya ethi (kwenda ardhini), kama televisheni au kompyuta. Mngurumo ukibaki palepale, tatizo liko ndani ya amplifaya.